Namna ya Kuunda Miraba ya Ajabu kwa Mkono, Kuanzia Lo Shu ya Wachina

Wanaoanza kujifunza miraba ya ajabu huuliza maswali yaleyale: namba 1 ikae wapi, kwa nini njia iliyokubali kwenye mraba wa 3 kwa 3 hukataa kwenye wa 4 kwa 4, na kama jambo lenyewe ni hesabu au ni uganga. Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, ukianzia kwenye Lo Shu ya China, kwa sababu aliyeuelewa vizuri mraba huo mmoja huwa tayari ana kifaa cha kujengea mingine mikubwa. Ukifuata hatua kwa utaratibu utaunda kwa mkono wako mraba wa 3 kwa 3, wa 5 kwa 5, wa 4 kwa 4, na hatimaye wa 6 kwa 6, ambao ndio huwashinda wengi.

Mraba wa ajabu ni jedwali lenye safu mlalo na safu wima za idadi sawa, lililojazwa namba zinazofuatana kuanzia 1 bila kurudia hata moja, kwa namna ambayo kila safu mlalo, kila safu wima na kila mmoja wa mishazari miwili mikuu, yaani mistari inayotoka pembe hadi pembe, hutoa jumla ileile. Safu zikikubali na mishazari ikakataa, kazi bado haijakamilika.

KABLA HUJAANZA

Tafuta daftari la hesabu lenye visanduku, penseli, ufutio na kalamu moja ya rangi tofauti. Karatasi tupu haifai kwa anayeanza, kwani mistari ikipinda kidogo tu utapoteza mshazari uliokuwa ukiufuata. Kalamu ya wino iache mpaka mraba uwe umehakikiwa.

Pia unahitaji kujua mapema jumla unayoitafuta. Chukua idadi ya visanduku vya upande mmoja, izidishe kwa yenyewe, ongeza 1, zidisha tena kwa idadi ileile, kisha gawanya kwa 2. Kwa mraba wa 3 kwa 3: 3 mara 3 ni 9, ukiongeza 1 ni 10, mara 3 ni 30, nusu yake ni 15. Jumla utakazozihitaji mara nyingi ni hizi:

3 kwa 3: 15
4 kwa 4: 34
5 kwa 5: 65
6 kwa 6: 111
7 kwa 7: 175
8 kwa 8: 260
10 kwa 10: 505

Usipoteze muda kutafuta mraba wa 2 kwa 2. Namba iliyo kwenye pembe moja ingelazimika kutoa jumla ileile ikijumlishwa na jirani yake wa kando, na jirani yake wa chini, na hilo haliwezekani mpaka majirani hao wawe namba ileile.

SEHEMU YA 1: KUUNDA LO SHU KWA NJIA YA YANG HUI

Yang Hui alikuwa mwanahisabati wa China katika enzi ya Song ya Kusini. Mwaka 1275 alikusanya miraba ya ajabu ya ukubwa mbalimbali hadi wa 10 kwa 10, na kwa mraba mdogo kuliko yote aliacha maelekezo mafupi ambayo hadi leo ndiyo njia safi kuliko zote ninazozijua za kumfundisha mtu mgeni.

1. Andika namba 1 hadi 9 zikiwa zimelala mshazari, mpaka zitengeneze umbo la almasi, hivi:

        1
      4   2
    7   5   3
      8   6
        9

Angalia vizuri mpangilio: 1, 2, 3 zinateremka kuelekea kulia, 4, 5, 6 vilevile, 7, 8, 9 vilevile.

2. Badilisha namba ya juu kabisa na ya chini kabisa. Sasa 9 iko juu na 1 iko chini.

3. Badilisha namba ya kushoto kabisa na ya kulia kabisa. Sasa 3 iko kushoto na 7 iko kulia.

4. Zisukume nje namba 4, 2, 8 na 6 ziwe pembe za mraba, na zile nne ulizozibadilisha zivute ndani ziwe katikati ya pande. Namba 5 haiguswi.

Utapata hii:

4  9  2
3  5  7
8  1  6

5. Hakiki. Safu mlalo: 4+9+2, 3+5+7, 8+1+6. Safu wima: 4+3+8, 9+5+1, 2+7+6. Mishazari: 4+5+6, 2+5+8. Zote nane ni 15.

Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha jozi moja na kuisahau nyingine. Ukibadilisha 9 na 1 tu, safu ya katikati bado itatoa 7+5+3, ambayo ni 15, nawe utadhani mambo yako sawa. Lakini safu wima ya kushoto itakuwa 4+7+8, yaani 19, na ya kulia 2+3+6, yaani 11. Ndiyo maana hatua ya 5 haina budi kufanywa yote.

Unaweza kuugeuza mraba huu robo mzunguko, nusu, au robo tatu, na kila umbo ukalitazama pia kama kwenye kioo, ukapata sura nane. Zaidi ya hizo nane hakuna nyingine: mraba wa 3 kwa 3 ni mmoja tu duniani. Namba 5 nayo haina pa kukaa ila katikati. Mistari minne inapita kwenye kisanduku cha kati, na jumla yake ni 60. Mistari hiyo hugusa kila namba mara moja, isipokuwa ile ya kati inayoguswa mara nne. Namba zote tisa zinatoa 45, kwa hiyo ziada ya 15 ni ya kisanduku cha kati kilichohesabiwa mara tatu zaidi, yaani 5.

NAMBA HIZI ZILIKUWA NA MAANA GANI KWA WACHINA

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Yu, mfalme wa kale aliyesifika kwa kudhibiti mafuriko, alimwona kobe akitoka katika Mto Luo akiwa na alama mgongoni, na alama hizo ndizo zilizokuwa Lo Shu, yaani Maandiko ya Luo. Wengi hunakili hadithi hii wakaitaja tarehe ya miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Kristo kana kwamba ni historia iliyothibitishwa. Ni vyema kuiacha iwe hadithi. Ushahidi unaoshikika ni wa baadaye, na kwa maoni yangu unavutia kuliko kobe mwenyewe: mwaka 1977, huko Fuyang katika jimbo la Anhui, wachimbuaji walitoa katika kaburi lililofungwa mwaka 165 kabla ya Kristo ubao wa kupigia ramli ambao namba zake zimepangwa kwa mpango huuhuu, 5 ikiwa katikati na kila jozi inayoelekeana ikitoa 10.

Ushahidi mwingine uko katika kitabu cha taratibu za ibada cha enzi ya Han, kinachoeleza Mingtang, jumba takatifu la mfalme lenye vyumba tisa. Vyumba vinatajwa kwa namba: 2, 9, 4, 7, 5, 3, 6, 1, 8. Ukikumbuka kwamba Wachina wa kale walisoma kutoka kulia kwenda kushoto, chukua mraba uliouandika sasa hivi uusome kwa mwelekeo huo, nawe utaona ni uleule.

Katika michoro iliyoenea tangu enzi ya Song, namba hazikuandikwa kwa tarakimu bali kwa viduara vilivyounganishwa kwa mistari. Namba witiri, yaani 1, 3, 5, 7 na 9, zilichorwa kwa viduara vyeupe kwa kuwa zilihesabiwa kuwa yang, upande wa mwanga na mbingu. Namba shufwa, 2, 4, 6 na 8, zilichorwa kwa viduara vyeusi kwa kuwa ni yin, upande wa kivuli na ardhi. Chukua kalamu yako ya rangi uzizungushie namba shufwa. Zote nne ziko pembeni, na witiri zote zimekaa kwa umbo la msalaba. Mpangilio huo ulimfaa sana mwenye kuamini kwamba ulimwengu unasimama kwa mizani ya pande hizo mbili.

Kila namba ilipewa pia upande wa dunia na asili mojawapo kati ya tano: 1 na 6 ni maji, 2 na 7 ni moto, 3 na 8 ni mti, 4 na 9 ni chuma, na 5 ni udongo. Ramani za Kichina za kale ziliweka kusini juu, kwa hiyo 9 ni kusini, 1 ni kaskazini, 3 ni mashariki na 7 ni magharibi. Wanaofanya feng shui, utaratibu wa Kichina wa kupanga nyumba, hadi leo huutumia mraba huu kama njia ya kutembelea: huanza katikati na kufuata mfululizo wa namba, 5, 6, 7, 8, 9, kisha 1, 2, 3, 4, kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Fuata njia hiyo kwa penseli juu ya mraba wako. Ni zoezi zuri la kuukariri.

Kwa anayetaka kuukariri kwa maneno, maelezo ya zamani yanayohusishwa na Zhen Luan wa karne ya 6 yanaueleza mraba kama mwili wa mtu: 2 na 4 ni mabega, 6 na 8 ni miguu, 3 iko kushoto, 7 iko kulia, 9 imevaliwa kichwani, 1 inakanyagwa, na 5 iko katikati.

Kuhusu swali la uganga, msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza. Mraba huuhuu uliingia katika vitabu vya Kiarabu vya elimu ya herufi, ambamo namba huandikwa kwa abjadi, yaani kila herufi husimama badala ya namba. Pembe zake, 2, 4, 6 na 8, ni herufi ba, dal, waw na ha, ambazo zikisomwa kwa mfululizo hutoa buduh, tamko lililoandikwa kwenye hirizi na hata juu ya barua ili zifike salama. Ukikutana na jedwali la visanduku tisa ndani ya hirizi, tazama pembe zake kwanza. Anayeamini nguvu yake na asiyeamini wote watapata 15, na kinachofuata hapa kinahusu hiyo 15 tu.

SEHEMU YA 2: MIRABA YA WITIRI, 5 KWA 5 NA KUENDELEA

Njia hii ya ngazi ililetwa Ulaya na Simon de La Loubère, mjumbe wa Ufaransa aliyekwenda Siam (Thailand ya leo) mwaka 1687, na inafanya kazi kwa mraba wowote ambao upande wake ni namba witiri.

1. Chora mraba wa visanduku 5 kwa 5. Weka 1 katika kisanduku cha kati cha safu ya juu.

2. Kila namba inayofuata ipeleke kisanduku kimoja juu na kimoja kulia, kwa mshazari.

3. Ukitoka nje kwa juu, shuka hadi kisanduku cha chini kabisa cha safu wima uliyotokea, yaani iliyo kulia kwa ile uliyokuwamo. Ukitoka nje kwa kulia, rudi kwenye kisanduku cha kushoto kabisa cha safu mlalo uliyotokea, yaani iliyo juu ya ile uliyokuwamo.

4. Ukikuta kisanduku unachokwenda kina namba tayari, weka namba yako chini ya ile uliyoiandika mwisho, kisha uendelee na ngazi.

5. Ukitoka nje kwenye pembe ya juu kulia, juu na kulia kwa pamoja, hesabu kwamba umekuta kisanduku kimejaa: shuka kimoja chini.

Tufuate pamoja mwanzo wake. Namba 1 iko juu katikati. Namba 2 inatoka nje kwa juu, kwa hiyo inashuka chini kabisa katika safu wima ya nne. Namba 3 inapanda ngazi kwenye safu wima ya tano. Namba 4 inatoka nje kwa kulia na kurudi kushoto, safu ya tatu kutoka juu. Namba 5 inapanda. Namba 6 inakuta 1 imekaa mahali pake, kwa hiyo inawekwa chini ya 5. Ukiendelea hivyo hadi 25 utapata:

17  24   1   8  15
23   5   7  14  16
 4   6  13  20  22
10  12  19  21   3
11  18  25   2   9

Kila mstari ni 65. Tazama mshazari unaotoka pembe ya chini kushoto kwenda juu kulia: 11, 12, 13, 14, 15, zimepangana kwa mfululizo, na 13, ambayo ni namba ya kati, imekaa katikati kama 5 ilivyokaa kwenye Lo Shu. Hiyo ni alama nzuri ya kujihakiki kabla hata hujajumlisha.

Ukiitumia njia hii kwenye 3 kwa 3 utapata 8 1 6, 3 5 7, 4 9 2, ambayo ni Lo Shu iliyopinduliwa juu chini. Iandike mahali pembeni, maana tutaihitaji kwenye mraba wa 6 kwa 6.

Onyo kubwa: usihamishe mahali pa kuanzia. Ukiiweka 1 kwenye pembe ya juu kushoto ya mraba wa 3 kwa 3 na kufuata ngazi kwa uaminifu, 9 ikiingia kisanduku pekee kilichobaki, utapata 1 6 8, 5 7 3, 9 2 4. Safu mlalo zote ni 15 na safu wima zote ni 15, lakini mshazari mmoja unatoa 12 na mwingine 24.

SEHEMU YA 3: MRABA WA 4 KWA 4

Ngazi haifanyi kazi kwenye namba shufwa, na hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani wamekosea kuhesabu. Kwa upande unaogawanyika kwa 4, njia ni nyepesi kuliko zote.

1. Andika 1 hadi 16 kwa mfululizo wa kawaida, kama unavyosoma.

 1   2   3   4
 5   6   7   8
 9  10  11  12
13  14  15  16

2. Kwa kalamu ya rangi, pitisha mstari mmoja kwenye kila mshazari mkuu. Visanduku vinane vitaguswa.

3. Kila namba iliyoguswa iondoe, na mahali pake uweke tofauti kati yake na 17. Mahali pa 1 weka 16, mahali pa 6 weka 11, na kadhalika. Zisizoguswa ziache.

16   2   3  13
 5  11  10   8
 9   7   6  12
 4  14  15   1

Jumla ni 34 kila upande. Sasa badilisha safu wima mbili za katikati, utapata safu ya juu 16 3 2 13, na ya chini 4 15 14 1. Huo ndio mraba aliouchora Albrecht Dürer wa Ujerumani katika mchoro wake Melencolia I, na namba mbili za katikati ya safu ya chini, 15 na 14, ndizo mwaka alioutengeneza: 1514. Yang Hui alikuwa ameshafika hapo kabla yake kwa kufikiri kulekule, kwani maelekezo yake ya mraba wa 4 kwa 4 yanasema pembe nne za nje zibadilishane kwa mshazari, na nne za ndani vivyo hivyo.

Kwa mraba wa 8 kwa 8, ugawe katika vipande vinne vya 4 kwa 4, pitisha mishazari kwenye kila kipande, na toa kila namba iliyoguswa kutoka 65. Safu yako ya juu itakuwa 64 2 3 61 60 6 7 57, yaani 260.

Tofauti na 3 kwa 3 iliyo peke yake, miraba ya 4 kwa 4 ni 880 hata usipohesabu kugeuza na kioo, na ya 5 kwa 5 ni 275,305,224. Kwa hiyo usishangae mraba wako usipofanana na wa mwenzako. Cha kuangalia ni jumla.

SEHEMU YA 4: MRABA WA 6 KWA 6

Upande wa 6 ni shufwa isiyogawanyika kwa 4, na ndiyo aina ngumu. Hapa Lo Shu iliyopinduliwa inarudi kazini, mara nne.

1. Gawa mraba wa 6 kwa 6 katika robo nne za 3 kwa 3.

2. Katika robo ya juu kushoto andika 8 1 6, 3 5 7, 4 9 2 kama ilivyo.

3. Katika robo ya chini kulia andika mpangilio uleule, lakini kila namba iongezwe 9.

4. Katika robo ya juu kulia, kila namba iongezwe 18.

5. Katika robo ya chini kushoto, kila namba iongezwe 27.

Hadi hapa unayo hii:

 8   1   6  26  19  24
 3   5   7  21  23  25
 4   9   2  22  27  20
35  28  33  17  10  15
30  32  34  12  14  16
31  36  29  13  18  11

6. Badilishana namba kati ya robo mbili za kushoto, ya juu na ya chini, lakini tatu tu: 8 na 35, 4 na 31, na 5 na 32. Zingatia kwamba kwenye safu ya kwanza na ya tatu unabadilisha kisanduku cha kwanza, ila kwenye safu ya kati unakiruka cha kwanza na kubadilisha cha pili.

35   1   6  26  19  24
 3  32   7  21  23  25
31   9   2  22  27  20
 8  28  33  17  10  15
30   5  34  12  14  16
 4  36  29  13  18  11

7. Hakiki safu zote kumi na mbili na mishazari miwili. Zote ni 111.

Mraba wa ukubwa huu nao una kumbukumbu yake China. Huko Xi'an, katika magofu ya kasri la enzi ya Wamongolia, kulichimbuliwa miaka ya 1950 bamba la chuma lenye mraba wa 6 kwa 6 ulioandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, lililokuwa limefukiwa kwenye msingi ili kuzuia mabaya. Safu yake ya kwanza ni 28, 4, 3, 31, 35, 10. Jumlisha mwenyewe.

UKITAKA JUMLA YAKO MWENYEWE

Swali hili nalo huja mara kwa mara: mtu anataka jumla iwe umri wa mama yake au miaka ya ndoa. Ukiongeza namba ileile kwenye kila kisanduku, jumla hupanda kwa namba hiyo mara upande. Kwa mraba wa 3 kwa 3, toa 15 kwenye jumla unayoitaka, gawanya kwa 3, kisha ongeza jibu kwenye kila namba ya Lo Shu. Kwa 60 utaongeza 15:

19  24  17
18  20  22
23  16  21

Jumla unayoitaka isipogawanyika kwa 3, mraba wa 3 kwa 3 wa namba kamili hauwezekani, kwa kuwa kisanduku cha kati lazima kiwe theluthi ya jumla. Usilazimishe kwa kubadilisha namba moja tu. Utaharibu mistari miwili, mitatu au minne kwa pamoja.

MRABA UKIKATAA

Safu mlalo na wima ni sawa, mishazari imekataa. Kwenye mraba wa witiri, umeianzisha 1 mahali pasipo pake. Kwenye 6 kwa 6, ukipata mshazari mmoja 84 na mwingine 138, umesahau kuruka kwenye safu ya kati: umebadilisha 3 na 30 badala ya 5 na 32.

Kwenye 6 kwa 6 safu wima zote ni 111, lakini safu mlalo tatu za juu ni 84 na tatu za chini ni 138. Hatua ya 6 hujaifanya kabisa.

Kwenye 4 kwa 4 safu mlalo ni 10, 26, 42 na 58. Bado uko kwenye hatua ya 1. Mishazari itakuwa tayari inatoa 34 na kukudanganya kwamba umemaliza.

Safu mlalo moja imezidi kwa kiasi fulani na nyingine imepungua kwa kiasi hichohicho. Namba mbili zimebadilishana mahali. Tazama safu wima: nazo zikiwa na moja iliyozidi na moja iliyopungua, makutano ya safu zilizozidi na ya zilizopungua ndiyo visanduku vyenye kosa. Safu wima zikiwa zote sahihi, namba hizo mbili ziko katika safu wima moja, kwa hiyo tafuta jozi ambayo tofauti yake ni kiasi kile cha ziada.

Mstari mmoja tu wa mlalo na mmoja tu wa wima umekosea, kwa kiasi kilekile. Umeandika namba vibaya kwenye kisanduku wanapokutana, mara nyingi kwa kurudia namba iliyokwisha kutumika. Kabla ya kufuta chochote, pitia 1 hadi ya mwisho ukiweka alama kila namba uliyoiona. Ile isiyo na alama ndiyo iliyopotea.

Unataka 10 kwa 10 na njia ya 6 kwa 6 inakupa 455 badala ya 505 kwenye safu za juu. Robo zako sasa ni za 5 kwa 5, na nyongeza ni 25, 50 na 75 kwa mpangilio uleule wa robo. Upande wa kushoto unabadilishana visanduku viwili kwa kila safu badala ya kimoja, na kwenye safu ya kati unaruka cha kwanza na kuchukua cha pili na cha tatu. Kwa hapo safu za juu zitafika 530. Kisha upande wa kulia unabadilishana safu wima ya mwisho yote, ya robo ya juu na ya chini, na hiyo ndiyo inayoshusha 25 zilizozidi.